Ploti ya Milango Kumi na Miwili

Gothenburg, Uswidi
12 Novemba 2023

Papa,

Hii ni wiki ya kumi tangu niondoke Nairobi, na ndiyo kwanza nakuandikia barua ya maana. Simu haikusaidii tangu masikio yako yachoshwe na miaka thelathini ya kugonga masanduku ya bati, na meseji za jirani yetu Nabwire za "mzee yuko poa" hazinishibishi. Tuandikiane basi. Macho unayo, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu.

Huku saa kumi jioni ni giza. Naishi kwenye korido yenye milango minane ya wanafunzi. Kabla ya kutoka, kila mmoja huchungulia kwanza ahakikishe hakuna mtu nje wa kumsalimia. Nilipoambiwa nilidhani ni mzaha, hadi nikamsikia jirani yangu akirudi ndani polepole aliposikia hatua zangu. Watu wa mji huu hupanga foleni ya nyumba miaka saba, na wakiipata hawataki kujua nani anaishi upande wa pili wa ukuta.

Darasani niko nyuma. Unakumbuka mwaka wa sensa nilivyogonga milango Kawangware nzima na tableti ya serikali, nikarudi nikikwambia nimepata kazi ya maisha yangu, kujua watu wanaishi vipi na kwa nini wanaishi pale. Wiki jana mwalimu wangu, Profesa Ekdahl, alimtaka kila mmoja aeleze mtaa ni nini. Wenzangu walitaja vitabu. Mimi nilifungua mdomo, nikaiona ploti yetu, nikaufunga.

Nataka kurudi, Papa. Kitu kimoja tu kikiharibika huko nyumbani, nitapanda ndege bila kuuliza mtu. Kwa sasa niandikie ploti ilivyo, mlango kwa mlango.

Binti yako,
Immaculate Nanyama


Kawangware
6 Desemba 2023

Mayi,

Nakuita hivyo kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na mama hasemwi vibaya, lakini leo nitakukemea kidogo. Usirudi kwa sababu ya giza. Rudi ukiwa umemaliza.

Barua yako ilikaa siku mbili katika ofisi ya parokia, katibu akanipungia mkono Jumapili baada ya misa. Nimeisoma mara tatu.

Umeuliza ploti. Mlango wa kwanza, karibu na geti, bado ni Nabwire na mandazi yake. Akianza kukaanga, sisi wote tunaamka bila saa. Mlango wa nne ni Nicanor kinyozi. Mlango wa tisa ni Makau, mshona viatu, mguu wake haujapona. Mvua ikinyesha ua wote unajaa maji, basi Nicanor humbeba mgongoni mpaka chooni, na Makau humwelekeza njia kama mtu aliyepanda punda. Watoto wanafurahia sana. Mimi naona wakicheka, sisikii, lakini nacheka pia.

Mama Wakarima mwenye ploti anakuja kila Jumamosi vile vile. Anakaa kwenye stuli karibu na mfereji wa maji, anawasengenya watoto wake Kiragu na Shiru kwetu sisi wapangaji, halafu anarudi zake Riruta akiwa amepumzika.

Hiyo ndiyo ploti. Milango kumi na miwili, ua mmoja, mfereji mmoja. Haijaenda mahali. Soma.

Ni mimi baba yako,
Khamala


Kawangware
18 Machi 2024

Mayi,

Usione kimya ukadhani kuna jambo. Wazazi walikuwa wananunua masanduku ya watoto wa shule, mikono haikupumzika.

Huku hakuna jipya. Nabwire anaendelea na mandazi. Nicanor amepata wateja wengine. Siku hizi chakula cha Makau napika mimi, kwa vile tuko karibu. Maji ya mfereji yamesumbua kidogo, tunanunua kwa kibanda, jerikani kwa jerikani.

Barua tuma parokia vile vile. Usibadilishe anwani.

Baba yako,
Khamala


Gothenburg
2 Juni 2024

Papa mpendwa,

Jua limekuja na haliondoki. Na mimi sirudi! Yaani sirudi kabla ya kumaliza. Nimepata mada ya utafiti wangu. Nitaandika jinsi majirani wa ploti moja wanavyoshikiliana ili maisha yaende. Profesa Ekdahl ameipenda sana. Usiniulize ameipendaje, nitakueleza nikija.

Sasa naomba unijibu vizuri, kwa urefu. Mtoto wa Nabwire akiugua, nani anampeleka kliniki? Makau akikosa chumvi, anagonga mlango upi? Watu wakikosana, nani anawapatanisha? Niandikie hata mambo unayoyaona ni madogo. Hasa hayo.

Juzi nilimkuta yule jirani yangu kwenye korido. Sikumpa nafasi ya kurudi ndani. Anaitwa Birgit, na anapenda chai ya maziwa.

Nanyama


Kawangware
7 Julai 2024

Mayi,

Maswali yako yamenipa kazi, lakini kazi nzuri.

Mtoto wa Nabwire aliugua mwezi jana. Nicanor alifunga kinyozi akampeleka kliniki, maana Nabwire alikuwa na oda ya harusi. Jumapili Nabwire alikuja na mandazi ya Makau kwenye kitambaa, akamkuta amenuna. Makau alikuwa amemtukana Nicanor kwa sababu ya nywele. Alisema amemkata kama mwanajeshi. Nabwire akamwambia, "Mzee, hata jeshi lingekukataa." Hayo niliyasoma kwenye mikono ya watu, maana wote walikuwa wananieleza kwa pamoja. Kufika jioni Makau ameomba msamaha.

Chumvi anachukua kwangu, hata hagongi.

Nimeona barua yako imejaa furaha. Ukiwa na furaha mimi nakula vizuri.

Khamala


Gothenburg
29 Septemba 2024

Papa,

Jumanne tulifundishwa kusoma picha zinazopigwa kutoka angani. Mwalimu alisema kila mtu atafute mahali anapopafahamu kuliko mtu yeyote chumbani. Nilifuata barabara ya Naivasha kwa kidole, nikaona paa la kanisa, nikaona soko, nikageuka kushoto kama ninavyogeuka siku zote.

Ploti haipo. Kuna shimo la udongo mwekundu na nguzo za vyuma. Picha ni ya mwezi wa nne.

Nimeweka barua yako ya Julai mezani. Juu umeandika Kawangware. Nimejaribu kufikiri kwamba nimekosea barabara, nikaangalia tena mara nyingi hadi Birgit akaja kuniuliza nalilia nini.

Sijakasirika. Si kweli, nimekasirika. Uko wapi, Papa? Unalala wapi?

Nanyama


Mashimoni, Kibera
20 Oktoba 2024

Mayi,

Hii ndiyo barua ya kwanza mwaka huu ninayoandika juu yake mahali nilipo kweli.

Mama Wakarima alitupa habari wiki ya kwanza ya Januari. Alisimama, siku hiyo hakukaa kwenye stuli. Watoto wake wanajenga gorofa. Alitupa mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna aliyepiga kelele, hata Nicanor. Mafundi walitoa mabati siku mbili. Yale ambayo hayakuwa na kutu nilipewa, nikatengeneza majiko, kila mlango ukaondoka na lake.

Mimi na Makau tulikuja hapa Mashimoni. Nabwire yuko Riruta Satellite. Nicanor alibaki Kawangware, chumba nyuma ya kinyozi. Wengine nitakutajia.

Ulikuwa umeandika kwamba kitu kimoja tu kikiharibika utapanda ndege. Nilikuamini. Nikaona binti wa fundi masanduku amefika mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo wetu amefika, na atarudi kwa sababu ya mabati. Nikamwambia hata Nabwire asikwambie. Alinung'unika lakini akakubali.

Nisikilize jambo moja. Kila nililoandika lilitokea. Mandazi yalikuja, ila Nabwire aliyabeba kwa miguu kutoka Satellite. Nicanor huja kila mwezi kumnyoa Makau, na ugomvi wa nywele ulitokea hapa, mbele ya huu mlango. Sikudanganya watu. Nilidanganya mahali tu.

Naomba unisamehe. Lala vizuri. Nalala pakavu.

Baba yako


Gothenburg
17 Novemba 2024

Papa,

Nilitaka kukuandikia barua ya hasira, na niliianza. Kisha nikakumbuka yangu.

Barua zako nilizitafsiri kwa Kiingereza nikazisoma darasani. Ile ya Desemba kwanza, siku niliyokuwa nimekata tamaa. Watu waliniuliza maswali mpaka kipindi kikaisha. Siku hiyo ndipo walipoanza kuniona. Nikaendelea. Yale maswali ya Juni yalikuwa maswali ya utafiti, na majibu yako niliyaandika katika makala iliyokubaliwa kusomwa kwenye mkutano wa wasomi mwezi huu. Niliandika kwamba ua mmoja na mfereji mmoja ndivyo vinavyowashikanisha watu. Wakati huo ua haukuwepo.

Sikukuomba ruhusa. Nilijiambia ni barua zangu kwa kuwa jina langu liko juu ya bahasha.

Niliondoa makala. Nilimwendea Profesa Ekdahl nikamwambia baba yangu alinidanganya. Alivua miwani akauliza, "Baba yako anajua ulizitumia barua zake?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi tuanzie hapo, sio kwake." Bila makala hiyo, nafasi ya kuendelea na uzamifu, ambayo nilikuwa karibu kuipata, imepewa mwenzangu. Amestahili.

Wewe ulidhani unamtuliza mtoto mpweke. Ulikuwa unamtuliza kweli. Mimi ndiye niliyezigeuza barua zako kuwa kitu kingine bila kukwambia. Nisamehe na wewe.

Nimemwandikia Mama Wakarima pia. Nataka kusikia kwake.

Nanyama


Riruta
30 Novemba 2024

Nanyama wa Khamala,

Barua yako nimeipata. Shiru ndiye amenisomea na ndiye anaandika haya, macho yangu sio ya kuaminiwa. Nimemwambia aandike vile nasema, asipambe.

Hiyo shamba ni ya baba mkwe wangu. Mimi nimeolewa hapo kukiwa mahindi. Tukajenga chumba kimoja, kingine, mpaka vikawa kumi na viwili. Kiragu na Shiru walisema mabati yamepitwa na wakati, na hawakukosea. (Nimemwambia aandike na hiyo.) Mimi nilikubali. Nisikudanganye eti nililazimishwa.

Lakini kuna kitu baba yako hakukwambia, namjua. Nilimpigania apewe chumba cha chini kwa hiyo gorofa, ikiisha, kwa kodi ile ile ya zamani. Kiragu alikubali chumba kimoja, mtu mmoja. Nikamwandikia Khamala kwa karatasi, maana haskii. Alisoma akauliza, "Na Makau?" Nikatikisa kichwa. Akanirudishia karatasi akasema asante sana mama, mimi niko na ndugu zangu Mashimoni. Ndugu gani? Nimekuja kujua hana mtu huko.

Siku hizi Jumamosi sina pa kwenda. Gorofa iko na keateka wa kuangalia nyumba na geti ya chuma. Nikifika ananiuliza, "Mama, unatafuta nani?"

Ukija kuuliza wapangaji, uniulize na mimi. Mwenye ploti hakuna mtu humuuliza kitu.

Wakarima


Mashimoni
5 Januari 2025

Mayi,

Nilikaa na barua yako siku nne bila kuijibu. Makau aliniuliza kama nimefiwa.

Iliniuma. Si kwa ajili yangu. Niliona wageni wameketi, wanasikia vile Nicanor anambeba mtu mzima kwenda choo. Makau hakuwa amesema asemwe. Nikaona siwezi kula naye sahani moja bila kumwambia, basi nikamwambia. Alichukua kalamu. Kisha akaniandikia kwenye daftari tunalotumia kuzungumza: "Walisema mimi ni mzito?"

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alipomaliza aliandika tena, na hii nakunakilia kama ilivyo: "Mwambie akitaka habari zangu aje aniulize mimi. Nitamwambia na zile wewe hujui."

Hilo ndilo jibu letu. Barua zangu nakuruhusu, ni zako. Za wengine kawaulize wenyewe. Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii kila mlango ulikoenda. Mlango wa kumi sijui, watu wa hapo waliondoka kabla ya wote na hawakuaga.

Nafasi uliyokosa imeniuma kuliko hayo yote. Lakini naona uliitoa mwenyewe kwa kusema kweli, na sijui baba gani angekuambia ungefanya vingine.

Khamala


Riruta Satellite
11 Mei 2025

Papa,

Ni ajabu kukuandikia barua kutoka Satellite hadi Mashimoni, na Jumapili tulikula pamoja. Lakini mezani kuna Makau, na Makau akiwepo hakuna anayemaliza sentensi.

Nakaa kwa Nabwire. Ananiamsha saa kumi alfajiri nikande unga, anasema hiyo ndiyo kodi yangu. Nimefuata orodha yako yote. Milango kumi imenijibu. Watu wa mlango wa kumi wako Riruta, dakika tano kutoka kwa Mama Wakarima, na hakuna aliyejua. Familia moja ilirudi Webuye, nimezungumza nao kwa simu. Muiruri wa mlango wa pili alinikataa.

"Niaje, Nana," alisema, akiwa amesimama mlangoni. "Umekuja kama jirani ama umekuja kutuandika?"

Nikamwambia nimekuja kuwaandika.

"Basi hapana. Kama jirani, ingia, Wanja amepika."

Niliingia nikala chakula cha mkewe, daftari nikaliacha kwenye mkoba. Katika ripoti nitaandika kwamba mlango mmoja ulikataa, na haki yake ni hiyo.

Profesa Ekdahl amekubali utafiti mpya. Swali langu sasa ni watu wanafanya nini na ujirani wao nyumba ikishaondoka. Nilidhani ningeandika kuhusu ua na mfereji. Badala yake nachora ramani ya nani anatembea kwenda kwa nani, na karibu mistari yote inapita Mashimoni, kwenye mlango wako. Kuna chama cha wapangaji huko Kawangware kimeniomba nikimaliza nifanye kazi nacho, wapate kujua wapi watu huenda ploti zikibomolewa, kwa sababu hakuna ofisi inayojua. Nimesema ndiyo.

Mama Wakarima nilimhoji saa tatu nzima. Nilipomaliza aliuliza kama nitarudi Jumamosi.

Wewe nimekuacha mwisho. Masikio yako hayapendi maswali, na nikija utanipikia tu ubadilishe mada. Kwa hivyo nimekuwekea fomu humu ndani, ile ile waliyojaza wenzako. Jaza ukitaka. Usipotaka irudishe tupu, sitakuuliza sababu.

Nanyama


Mashimoni
18 Mei 2025

Mayi,

Fomu nimeijaza kwa kalamu nyeusi kama ulivyoelekeza. Nakueleza mahali ambapo mkono ulisita, usije ukadhani nimeharibu kwa uzembe.

Kazi: fundi wa masanduku. Idadi ya watu katika nyumba: wawili. Uhusiano wao: hapo umeweka mume, mke, mtoto, ndugu, mwingine. Nimeweka alama kwa ndugu. Makau amesoma na amekubali.

Swali la tisa, kwa nini ulichagua makazi haya. Najua hilo ndilo ulilotaka kuniuliza tangu Mama Wakarima akuandikie. Umeniachia mistari mitatu. Niliandika kwamba Makau asingeweza kupanda kilima cha hapa kutoka chooni peke yake, na kwamba chumba cha simenti ningeweza kukizoea lakini kula peke yangu nisingeweza. Mistari ikatosha.

Swali la kumi na tano, je, ungependa kurudi ulikokuwa ukiishi. Niliandika ndiyo. Nikafuta, nikaandika hapana. Nikafuta tena, karatasi ikatoboka. Sikutafuta nyingine. Wewe ni msomi, andika kwamba hapo palitoboka.

Chini kabisa pameandikwa jina la mtafiti, na uliacha wazi. Nadhani ulisahau kwa haraka ya mandazi. Nimekujazia mimi kwa herufi kubwa, majina yako yote matatu, na lile la mwisho ambalo ni langu nimelirudia mara mbili kwa wino ili lisififie. Chini yake nimetia sahihi, kwamba niliulizwa vizuri na nikakubali kujibu.

Baba yako,
Khamala